Kihariri kikigoma kuungana na mradi wa moduli nyingi, usianze kwa kufuta kashe

"Jamani, imegoma tena." Ujumbe huo huandikwa kwenye makundi ya wasanidi programu kuanzia Posta hadi Mwenge kila kihariri cha msimbo kinapokataa kuungana na mradi, na jibu huja kabla dakika haijaisha: futa `.gradle`, futa `.m2`, washa upya. Ushauri huo ulitungwa na watu wasiohesabu intaneti. Kwenye mradi wa moduli arobaini, folda hizo mbili, ambazo ndizo kashe za Gradle na Maven, zana za kujengea miradi ya Java, hubeba gigabaiti kadhaa za maktaba. Anayefanya kazi nyumbani Tabata kwa bando la simu ataunguza bando la wiki nzima kwa ugonjwa ambao mara nyingi haukuwa kwenye kashe hata kidogo. Tulichojifunza kwa kuhangaika na miradi mikubwa ya Java na Kotlin hapa Dar, na tunachomsisitizia kila kijana anayeingia kwenye timu, ni kwamba kufuta ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna logi ya kusoma, yaani rekodi ya matukio ambayo programu huiandika.

Neno "kuungana" lenyewe linapotosha. VS Code yenyewe haiijui Java, na Neovim na Emacs nazo haziijui. Kihariri huanzisha mchakato mwingine unaoitwa seva ya lugha, kisha huzungumza nao kwa itifaki ya LSP (Language Server Protocol), ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 2016 pamoja na Red Hat na Codenvy. Seva hiyo nayo, kwa Java ni ile ya Eclipse JDT, haijui moduli zako zinategemeana vipi. Inauliza Maven au Gradle. Gradle huamsha mchakato wake wa nyuma, na palipo na Kotlin, kompaila yake ina mchakato wake pia. Wa Scala wana mnyororo wa aina hiyo hiyo: Metals, seva yao ya lugha, huongea na zana za ujenzi za Bloop au sbt kwa itifaki ya BSP (Build Server Protocol). Kiungo chochote kinaweza kukatika, lakini kihariri kitakuonyesha alama moja tu inayozunguka chini ya skrini, au taarifa kwamba seva imeanguka mara 5 ndani ya dakika 3 na haitawashwa tena. Taarifa hiyo inakueleza nani amekufa. Aliyemuua humjui bado.

Kwa hiyo funga kihariri, fungua terminali kwenye folda kuu ya mradi, uanzie chini ya mnyororo:

`./gradlew --offline projects`

Kwa Maven ni `./mvnw -o -q validate`. Ikiwa Gradle au Maven ya mradi ilishapakuliwa, amri hizi hazichomi bando, kwa sababu `--offline` na `-o` zinakataza kutoka nje. Ya Gradle ikikuorodheshea moduli zote, au ya Maven ikinyamaza bila kosa, mradi wenyewe unasomeka na tatizo liko juu zaidi. Zikigoma hapo, acha kukilaumu kihariri. Hakuna mpangilio wa kihariri utakaotibu `settings.gradle` yenye jina la moduli lililokosewa herufi.

Hatua ya pili ni kuwaona walio hai. Fungua kihariri tena, subiri dakika moja, kisha andika `jps -lv`. Amri hiyo huja na JDK, kifurushi cha kukompailia na kuendeshea Java, na huonyesha kila mchakato wa Java wa mtumiaji huyo pamoja na vigezo vyake. Seva ya JDT utaitambua kwa jina `org.eclipse.equinox.launcher`, Gradle kwa `GradleDaemon`, Kotlin kwa `KotlinCompileDaemon`. Soma kile kinachofuata `-Xmx`, yaani ukomo wa hipu (kumbukumbu ambamo programu ya Java huweka data yake), kwenye kila mstari na ujumlishe. Kwenye kompyuta nyingi za ofisi zetu, jumla hiyo peke yake inatosha kumaliza upelelezi.

Chukua laptopu ya RAM 8 GB, ambayo ndiyo wengi wanayo. Seva ya Java ndani ya VS Code, usipoigusa, imepewa ukomo wa hipu wa 2 GB. Faili la `gradle.properties` la mradi limeandikwa na mtu mwenye mashine kubwa, kwa hiyo lina `-Xmx4g`. Kompaila ya Kotlin, isipopewa kigezo chake, hurithi kile cha Gradle, yaani 4 GB nyingine. Hapo ni 10 GB za ukomo juu ya mashine ya 8, na bado hujahesabu kivinjari wala Docker. Tena `-Xmx` ni ukomo wa hipu tu. Metaspace (taarifa za madarasa), nyuzi na msimbo uliokompailiwa hukaa nje yake.

Kumbukumbu inaweza kumuua mhusika kwa njia mbili, na dawa zake zinapingana. Hapa ndipo tumeona watu wakipoteza siku nzima.

Njia ya kwanza: hipu ya seva yenyewe imejaa. Kwenye logi utakuta `java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space`. Kabla ya kufa seva hupunga mkono: majibu yanachelewa, feni inanguruma, prosesa iko juu kwa sababu mkusanya taka, anayeondoa data isiyotumika tena, anazunguka bila kupata kitu cha kukusanya. Dawa ni kuongeza ukomo, au kuipunguzia moduli. Njia ya pili: kumbukumbu ya mashine yote imekwisha, na kernel, yaani kiini cha Linux, imechagua mchakato wa kuua. Hapo logi ya seva haina kosa lolote. Inakatika katikati ya sentensi. Ushahidi uko kwingine:

`sudo dmesg -T | grep -i "killed process"`

Ukiona `java` kwenye jibu, au mchakato umetoka na namba 137, yaani 128 kuongeza ishara namba 9, basi kuongeza `-Xmx` ni kumwagia moto mafuta. Unatakiwa kupunguza. Kwa mashine ya 8 GB sisi huanza hivi, ndani ya `~/.gradle/gradle.properties` ya nyumbani:

`org.gradle.jvmargs=-Xmx1536m -XX:MaxMetaspaceSize=512m`
`kotlin.daemon.jvmargs=-Xmx1g`
`org.gradle.workers.max=2`
`org.gradle.daemon.idletimeout=900000`

Faili la nyumbani hulishinda lile la mradi, kwa hiyo humsumbui mwenzako mwenye GB 32 na huna mabadiliko ya kupeleka kwenye Git kwa bahati mbaya. Mstari wa mwisho ni milisekunde, sawa na dakika 15. Usipouweka, mchakato wa nyuma wa Gradle hukaa saa 3 bila kazi ukiwa umeshikilia kumbukumbu. Seva ya Java nayo tunaishusha hadi `-Xmx1G` kwenye mpangilio wa VS Code wa `java.jdt.ls.vmargs`, huku tukiiondolea moduli zisizoguswa kwa `java.import.exclusions`, mfano `"**/ripoti-za-zamani/**"`. Angalia tu usitoe moduli ambayo nyingine zinaitegemea. Ukifanya hivyo nusu ya mradi itageuka nyekundu na utadhani umeharibu kitu kikubwa.

Kuna mwizi mwingine wa kumbukumbu ambaye haonekani mpaka uandike `./gradlew --status`. Kihariri kikitumia JDK moja na terminali nyingine, Gradle haiwezi kuwahudumia wote kwa mchakato mmoja, kwa hiyo inaanzisha wawili, kila mmoja na hipu yake. Wape JDK moja: `java.import.gradle.java.home` kwenye kihariri na `JAVA_HOME` kwenye terminali zielekee folda ile ile. `./gradlew --stop` huzima michakato ya toleo hilo la Gradle tu. Ile ya toleo jingine itabaki, na utaiona kwenye `jps`.

Tukiwa kwenye JDK, hapa panahitaji utulivu, kwa sababu JDK zinazohusika ni tatu na watu huzichanganya kuwa moja. Kuna inayoendesha seva ya lugha, na matoleo ya sasa yanataka Java 21. Kuna inayoendesha Gradle au Maven. Kuna ambayo msimbo wako unakompailiwa nayo, na kwenye mifumo ya siku nyingi bado ni 8 au 11. Anayeshusha `JAVA_HOME` hadi 8 ili "mradi uelewane" anaweza kuivunja seva, na anayepandisha kila kitu hadi 21 anaweza kuivunja Gradle ya zamani. Kosa lake linatambulika kwa mbali: `Unsupported class file major version 65`. Namba hizo zifaa kukaa kichwani: 52 ni Java 8, 55 ni 11, 61 ni 17, 65 ni 21. Gradle yenyewe huweza kukimbia juu ya Java 17 kuanzia toleo 7.3, na juu ya Java 21 kuanzia 8.5. Kwa hiyo 65 ukiiona kwenye mradi wa Gradle 6, mpe Gradle JDK 11, iachie seva 21 yake kupitia `java.jdt.ls.java.home`, na JDK za msimbo ziorodheshe ndani ya `java.configuration.runtimes`. Hakuna kashe iliyohusika.

Maven ina mtego wake, na huu hauonekani kama tatizo la kuungana. Kihariri kimeungana vizuri, kinajibu haraka, lakini kinakuambia njia (method) uliyoiongeza jana kwenye moduli jirani haipo, au kinakupeleka kwenye toleo lake la zamani. Karibu kila mara mtu amefungua moduli moja badala ya folda kuu. Seva haioni chanzo cha jirani, kwa hiyo inachukua JAR (maktaba iliyofungashwa) ya `SNAPSHOT`, yaani toleo ambalo bado linaendelea kutengenezwa, iliyowekwa ndani ya `~/.m2` mara ya mwisho mtu alipofanya `install`. Unahariri kitu cha leo ukiwa unasahihishwa na cha mwezi uliopita. Fungua folda yenye `pom.xml` mama. Mradi ukiwa mkubwa mno kwa mashine yako, basi jirani unaowahitaji wasasishe kwa mkono:

`./mvnw -o install -pl huduma-malipo -am -DskipTests`

`-am` inajenga pia kila moduli ambayo `huduma-malipo` inaitegemea, na nyingine zinaachwa. Wekundu ukibaki kwenye madarasa yanayozalishwa na zana za kuandika msimbo kama protobuf au OpenAPI peke yake, hilo ni jingine: mafaili bado hayajazaliwa. Endesha `generate-sources` kisha uiambie seva isome mradi upya.

Kuhusu itifaki yenyewe kuharibika, ni nadra, lakini ikitokea inachanganya hata wazoefu. Kihariri na seva huongea kupitia mkondo wa kutolea maandishi wa mchakato, na kila ujumbe hutanguliwa na mstari wa kichwa kama huu: `Content-Length: 143`, kisha mstari mtupu, kisha baiti 143 za JSON, bila pungufu wala ziada. Sasa mtu anatengeneza skripti ya kuanzishia seva ili aweke vigezo vyake, na juu kabisa anaandika `echo "Naanza seva..."`. Maneno hayo mawili yanaingia kwenye mkondo ule ule. Kihariri kilikuwa kinasubiri urefu wa ujumbe, kinapokea salamu, kinakata mawasiliano kikilalamika kwamba `Content-Length` haipo. Elekeza maneno kwenye mkondo wa makosa, `echo "Naanza seva..." >&2`, na yote yanarudi sawa. Ndiyo sababu pia `.bashrc` ya seva ya mbali haitakiwi kusalimia mtu asiyekaa kwenye terminali.

Wa Scala waangalie `.bsp/sbt.json`. Ndani yake kuna orodha `argv` yenye njia kamili ya Java, kwa mfano `/usr/lib/jvm/...`. Ukiondoa JDK hiyo, au mwenzako akiipandisha kwenye Git ikiwa na njia za mashine yake, Metals itaita programu isiyokuwepo. Iweke folda `.bsp` kwenye `.gitignore`, na uizalishe upya kwa `sbt bspConfig`.

Kwenye Linux, kihariri kinachoungana lakini hakioni mafaili yanayobadilika kimeishiwa macho, yaani kimefika ukomo wa mafaili kinayoruhusiwa kufuatilia. Soma `cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches`. Ukikuta 8192, ni kidogo kwa mradi wa moduli nyingi. Weka `fs.inotify.max_user_watches=524288` kwenye `/etc/sysctl.conf`, kisha `sudo sysctl -p`. Folda za `target`, `build` na `node_modules` zitoe kwenye ulinzi kwa `files.watcherExclude`. Anayetumia WSL (Linux ndani ya Windows) asiweke mradi chini ya `/mnt/c`. Auhamishie ndani ya Linux yenyewe, atashangaa.

Halafu kuna umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika katikati ya kazi inaweza kuacha nyuma yake kufuli, yaani faili linaloonyesha kwamba kashe inatumika. Ikitokea hivyo, umeme ukirudi Gradle itakaa kimya kwa muda, kihariri kitaonekana kimeganda kwenye kuungana, na mwishowe utapata `Timeout waiting to lock journal cache`, pamoja na namba ya mchakato ulioshika kufuli na namba ya wako. Usifute folda yote ya kashe. Chukua namba ya mwenye kufuli na uulize kama yu hai: `ps -p 4127`. Akiwa hai, mzime kwa `./gradlew --stop`. Akiwa hayupo, futa kufuli peke yake, `~/.gradle/caches/journal-1/journal-1.lock`, faili la baiti chache. Umeme ukikatika wakati Gradle yenyewe inapakuliwa, jambo linalochukua zaidi ya megabaiti 100, angalia `~/.gradle/wrapper/dists`. Utakuta folda ya toleo hilo ina faili lenye mwisho wa `.part` na jingine `.lck`. Futa folda ya toleo hilo tu.

Seva ya Java huumia kwa namna nyingine umeme ukikatika: faharasa yake inaharibika. Kwenye Linux inakaa ndani ya `~/.config/Code/User/workspaceStorage`, kwenye folda ndogo ya `redhat.java/jdt_ws`, na logi yake ni `.metadata/.log` humo humo. Isome kuanzia juu. Mistari ya mwisho ni kilio cha kila aliyemtegemea marehemu. Kosa lenyewe liko mwanzoni, pale `!MESSAGE` ya kwanza inapotaja moduli kwa jina.

Kwa anayehariri kwenye seva ya mbali kwa SSH huku akitumia intaneti ya simu, kukatika kila baada ya dakika chache kwa kawaida ni mtandao kuusahau muunganisho uliotulia. Kwenye `~/.ssh/config` weka `ServerAliveInterval 30` na `ServerAliveCountMax 6`. Muunganisho utabishiwa hodi kila sekunde 30, na utavumilia ukimya wa dakika 3 kabla ya kukata tamaa. Hakikisha `AllowTcpForwarding` haijawekwa `no` upande wa seva, maana VS Code inaihitaji. Na seva ikiwa na Linux ya zamani yenye glibc (maktaba ya msingi ya C) chini ya 2.28, VS Code kuanzia toleo 1.99 haiungani nayo kwa kawaida. Ukihangaika na nenosiri hapo unapoteza muda. Kazi ndefu za kujenga zianzishie ndani ya `tmux`, ili muunganisho ukikatika kazi iendelee bila wewe.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima, thamani ya hifadhi ya ndani ya maktaba ilionekana bila maelezo. Mashine moja ya zamani ofisini yenye Nexus, programu ya kuhifadhi maktaba, ikitajwa kama `mirrorOf` (kioo) ya `central`, hifadhi kuu ya Maven, kwenye `settings.xml` ya kila mmoja, hupakua kila maktaba mara moja na kuwagawia wengine kwa waya. Timu ya watu sita haina sababu ya kuvuta JAR ile ile mara sita kutoka ng'ambo.

Ikiwa umepita kote huko na kufuta kumebaki, basi futa kwa mpangilio wa gharama. Anza na faharasa ya seva kwa amri ya kihariri "Java: Clean Java Language Server Workspace", ambayo haigusi maktaba hata moja. Ifuate folda ya `.gradle` iliyo ndani ya mradi, ambayo ni tofauti na ile ya nyumbani. Kwa Maven, ondoa kumbukumbu za upakuaji ulioshindwa:

`find ~/.m2/repository -name "*.lastUpdated" -delete`

Mafaili hayo ndiyo huifanya Maven isijaribu tena hata bando likirudi. Logi ikitaja `zip END header not found`, kuna JAR iliyokatika. Itafute, ufute folda ya toleo hilo peke yake:

`find ~/.m2/repository -name "*.jar" | while read f; do unzip -tqq "$f" >/dev/null 2>&1 || echo "$f"; done`

Kwenye hifadhi kubwa inachukua dakika kadhaa, na mara nyingi inarudisha jina moja au mawili. Ukibaki na nia ya kufuta `~/.m2` na `~/.gradle` zote, andika kwanza `du -sh ~/.m2/repository ~/.gradle/caches`, linganisha na salio la bando lako, na kama kuna ofisi yenye Nexus, subiri ufike ofisini.